Manowari Iliyobeba Tende

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Nawaomba walimu wa madarasa watundike ramani ya dunia ukutani, na aliye karibu na ramani ashike kijiti, maana leo tutasafiri mbali. Wasio na ramani wasitie shaka. Wao watasafiri kwa masikio.

Darasa moja la wavuvi limeniletea swali. Wanauliza kama ni kweli kwamba zamani merikebu ya Unguja ilifika Marekani, au kama hayo ni maneno ya barazani tu. Mmoja wao ameongeza swali la pili, nalo limenipendeza kuliko la kwanza: ikiwa ilifika, watu wake walikunywa maji ya wapi?

Jibu la swali la kwanza ni fupi: ni kweli. Jibu la swali la pili ni refu, na hilo ndilo somo letu la leo. Maana tumezoea kuhesabu nguvu za merikebu kwa mizinga yake. Leo tutazihesabu kwa mapipa ya maji, kwa magunia, na kwa misumari.

Nyumba yenye vyumba viwili

Sayyid Said bin Sultan alitawala Oman tangu mwanzo wa karne ya 19 mpaka alipofariki mwaka 1856. Dola yake ilikuwa kama nyumba yenye vyumba viwili. Chumba kimoja kilikuwa Maskati, katika nchi ya Oman. Chumba cha pili kilikuwa huku kwetu: Unguja, Pemba, na miji ya pwani. Ukumbi wa katikati ulikuwa bahari. Mtu mwenye nyumba ya namna hiyo hawezi kutawala bila vyombo.

Basi Sayyid Said alijipatia manowari. Neno hili manowari tumelichukua kwa Waingereza, na maana yake ni merikebu ya vita. Kadhaa kati ya zile kubwa zilijengwa Bombay, katika Bara Hindi, ambako ukoo mmoja wa Waparsi, ukoo wa Wadia, ulikuwa na sifa kubwa ya ujenzi wa merikebu. Walijenga kwa mbao za msaji, ambao wengine huuita mtiki. Mbao hizo ni ngumu na hazioloi upesi katika maji ya chumvi.

Iliyokuwa kubwa kupita zote iliitwa Liverpool. Iliteremshwa majini mwaka 1826, nayo ilikuwa na mizinga 74. Mwanzoni mwa mwaka 1828 Sayyid Said alikwenda nayo Mombasa kupambana na Wamazrui, waliokuwa wakiushika mji ule na kukataa amri yake. Vita hivyo viliendelea kwa vipindi, na Mombasa haikuwa yake kabisa mpaka mwaka 1837. Kwa hiyo msidhani kwamba merikebu hizo zilikuwa mapambo. Watu wa pwani waliiona midomo ya mizinga yake.

Lakini manowari ina aibu moja, nayo ni kwamba inakula hata siku isipofanya kazi. Mabaharia wanataka posho. Kamba zinaoza. Matanga yanachanika. Mchwa wa baharini hula ubao chini ya maji, na ubao ukiliwa lazima uondolewe. Vita ni vya siku chache, na gharama ni za mwaka mzima. Mfalme afanyeje?

Sayyid Said alikuwa mfanyabiashara kama alivyokuwa mtawala. Aliona kwamba chombo kinachoweza kubeba baruti kinaweza kubeba karafuu vilevile. Kwa hiyo manowari zake nyingine, wakati wa amani, zilipakiwa mali zikapelekwa Bara Hindi na kwingineko. Mizinga ilibaki juu, na magunia yalikaa chini. Ile iliyokuwa askari iligeuzwa mchukuzi.

Safari ya Sultana

Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Marekani. Mjumbe wa Marekani aliyekuja Maskati kwa kazi hiyo aliitwa Edmund Roberts. Mwaka 1837 Marekani ikaweka balozi wake mdogo Unguja, Richard Waters, mtu wa mji wa Salem. Merikebu za Salem zilileta nguo za pamba zisizotiwa rangi, nazo zilipendwa sana pwani na bara. Mpaka leo nguo ya namna hiyo wazee huiita merikani au amerikani. Jina hilo ni kumbukumbu ya biashara ile.

Miaka saba baada ya mkataba, Sayyid Said naye alitaka kwenda kubisha hodi kwa rafiki yake. Alichagua merikebu iitwayo Sultana. Nayo ilijengwa Bombay, mwaka 1833, na ilikuwa na mizinga 14. Ilipakia magunia 1,300 ya tende, pamoja na kahawa na mazulia. Ilipofika Unguja ikaongezewa pembe za ndovu 108, karafuu magunia 135, sandarusi, na ngozi kavu. Mkubwa wa safari alikuwa Ahmad bin Na'aman, karani wa Sayyid na mtu aliyemwamini. Mwenye kupima njia kwa jua na nyota alikuwa Mwingereza, William Sleeman.

Sasa tazameni ramani. Wakati huo Mfereji wa Suez haukuwapo. Ulifunguliwa mwaka 1869. Kwa hiyo njia ilikuwa moja tu, kuizunguka Afrika yote upande wa kusini. Sultana iliondoka Unguja mwanzoni mwa mwaka 1840, wakati wa kaskazi. Wavuvi wanajua sababu. Upepo wa kaskazi humsukuma msafiri kwenda kusini. Anayesubiri mpaka kusi kianze hujikuta anapigana nao uso kwa uso. Ikapita Rasi ya Tumaini Jema, ikaingia Bahari ya Atlantiki, na huko upepo mwingine ukaichukua kuelekea kaskazini-magharibi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la ndugu yetu mvuvi. Merikebu hubeba maji katika mapipa ya mbao. Maji ya pipa yakikaa majuma mengi hugeuka rangi na harufu, lakini mtu atayanywa. Yakiisha, hakuna mizinga itakayomsaidia. Ndiyo maana kila msafiri wa njia ile alitafuta mahali pa kujaza mapipa. Sultana ilisimama katika kisiwa cha St Helena, kisiwa kidogo katikati ya Atlantiki, kikapata kuwa kama kisima cha njiani. Kisiwa hicho kilikuwa cha Waingereza. Liwekeni neno hilo akilini, tutalirudia.

Tarehe 30 Aprili, 1840, Sultana ilitia nanga New York. Watu wa mji ule walikuja makundi kwa makundi kuitazama, maana wengi wao hawajapata kuona merikebu ya Waarabu wala mabaharia wa namna ile. Wakuu wa mji walimkirimu Ahmad bin Na'aman. Walimtembeza, wakampandisha gari la moshi, na mchoraji Edward Mooney akaichora picha yake amevaa kilemba.

Sayyid Said alikuwa amempelekea Rais zawadi: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali, upanga uliotiwa dhahabu, na vitu vingine. Rais, Martin Van Buren, akaingia katika shida. Sheria kubwa ya nchi yake inamkataza mwenye madaraka kupokea zawadi kwa mfalme wa kigeni bila idhini ya Baraza la nchi. Kuzikataa ni kumvunjia rafiki heshima. Kuzipokea ni kuvunja sheria. Mwishowe Baraza liliamua zipokewe kwa niaba ya taifa zima, si kwa niaba ya mtu mmoja. Zungumzeni jambo hilo darasani, maana lina faida hata leo.

Lakini kwa somo letu, zawadi kubwa haikuwa lulu wala farasi. Sultana ilifika imechoka. Kamba zake na mbao zake zilikuwa zimeteswa na safari. Serikali ya Marekani iliamuru ipelekwe katika karakana yake ya manowari, Brooklyn, ikatengenezwa kwa gharama ya Marekani. Mafundi wa nchi ya mbali ndio walioifanya iweze kurudi kwetu.

Iliondoka New York mwezi wa Agosti, imebeba nguo, shanga, bunduki na vitu vingine, ikawasili Unguja mwishoni mwa mwaka uleule. Mwaka 1842 ikaenda London kumpeleka Ali bin Nasir, mjumbe wa Sayyid kwa Waingereza. Na mwaka 1849 merikebu nyingine ya Sayyid, Caroline, ilifika Marseilles katika Ufaransa. Kwa hiyo safari ya New York haikuwa bahati ya mara moja.

Nani alilipa?

Kabla hatujafurahi kupita kiasi, tuulize: fedha za kuendesha merikebu hizi zilitoka wapi? Zilitoka katika magunia yale yale. Karafuu za Unguja na Pemba zililimwa na kuchumwa na watumwa. Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa watu waliotoka mbali bara, na katika misafara ile wengine walikuwa watumwa. Ahmad bin Na'aman alivaa kilemba kizuri New York, lakini kilemba kile kilikuwa na jasho la watu wengi ambao hawakuulizwa kama wanataka kutoa. Mtu anayesema habari za merikebu ile kwa sifa tupu amesoma nusu ya ukurasa.

Merikebu mbili zilizobadilishwa kazi

Sasa nataka kuwaonyesha jambo ambalo mimi huliona la ajabu kila nikilisoma. Ni habari ya merikebu mbili zilizokuwa kama zimebadilishana bandari.

Ya kwanza ni Liverpool, ile ya mizinga 74. Ilikuwa kubwa mno kwa Sayyid Said, na gharama zake zilimlemea. Mwaka 1836 akamzawadia William wa Nne, Mfalme wa Uingereza. Waingereza wakaibadilisha jina wakaiita Imaum, kwa heshima ya aliyeitoa, nao wakampa Sayyid merikebu ya anasa iitwayo Prince Regent. Hiyo naye hakuiona na faida kwake, akaitoa kwa mtawala Mwingereza wa Bara Hindi. Na Imaum ilipata kazi gani? Ilipelekwa kisiwa cha Jamaika, huko Karibi, ikafungwa bandarini Port Royal, ikawa nyumba ya kupokea mabaharia waliosubiri kupangiwa merikebu. Haikupigana tena. Iliishi hivyo miaka mingi, mpaka ikavunjwa katika miaka ya 1860.

Ya pili iliitwa London. Hii ilikuwa manowari ya Waingereza, imeteremshwa mwaka 1840 na mizinga 90, nayo ilipigana na Warusi Sevastopol mwaka 1854. Baadaye ikatiwa mtambo wa moshi. Ilipozeeka, Waingereza hawakuitupa. Waliileta Unguja baada ya mkataba wa mwaka 1873, ikatia nanga mbele ya mji, ikageuzwa ghala, karakana na hospitali ya mabaharia. Mashua zake ndogo zilitoka kwa siku nyingi kuzunguka Pemba na kukagua majahazi yaliyoshukiwa kubeba watumwa. Mashua zilirudi kwa mama yao kupata chakula, maji, na matengenezo. Kazi ile ilikuwa ya hatari. Desemba 1881 kapteni wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipotaka kukagua jahazi moja. London ilibaki Unguja mpaka karibu mwaka 1884, ilipouzwa ili ivunjwe.

Mnaona? Manowari ya Sayyid ilimaliza maisha yake ikiwa nyumba ya mabaharia wa Kiingereza Jamaika. Manowari ya Waingereza ilimaliza maisha yake ikiwa ghala mbele ya jumba la mtoto wa Sayyid. Zote mbili zilikuwa nzee, na zote zilibadilishwa kazi. Lakini moja ilitolewa na mtu asiyeweza kuitunza, na nyingine iliwekwa na watu wenye maghala kila upande wa dunia. Kumbukeni St Helena na maji yake. Mwenye kisima cha njiani ndiye mwenye njia.

Dhoruba na dakika chini ya 50

Sayyid Said mwenyewe alifia baharini, Oktoba 1856, ndani ya merikebu yake Victoria, akitoka Maskati kuja Unguja. Baada yake watoto wake waligombea urithi, na mwaka 1861 nyumba ile ya vyumba viwili ikagawanywa: Maskati mbali, Unguja mbali. Ukumbi wa katikati ukawa wa watu wengine.

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'oka, majahazi yakavunjika, na merikebu za Sayyid Barghash karibu zote zikapotea. Mwaka uliofuata, Waingereza walimtaka aufunge mnada wa watumwa, wakamtishia kwamba manowari zao zitakizunguka kisiwa. Hakuwa na chombo cha kujibu. Tarehe 5 Juni, 1873, akakubali. Hapa tuseme kweli yote: kwa mfalme lile lilikuwa jambo la kushindwa, kwa mtu aliyefungwa ndani ya jahazi lilikuwa mlango wa kutokea. Biashara ile haikwisha siku moja, wala utumwa wenyewe haukwisha, lakini soko la Unguja lilifungwa na halikufunguliwa tena.

Barghash hakukaa bure. Alinunua meli za moshi zilizokwisha kutumika kwa wenye meli wa Kiingereza, mathalan Nyanza na Malacca, akazitia katika biashara ya kwenda Bombay. Alifuata njia ya baba yake: chombo lazima kijilipie. Tena alijengewa Uskochi merikebu mpya iliyoitwa Glasgow, mwaka 1878, yenye milingoti mitatu na mizinga midogo. Lakini hiyo haikufanya safari kama za Sultana. Ilikaa bandarini miaka na miaka.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti, 1896, manowari tano za Waingereza zilijipanga mbele ya mji. Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa ameingia jumbani bila idhini yao, naye alikataa kutoka. Kufikia mwaka huo Unguja ilikwisha kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Saa tatu ilipopiga, mizinga ikaanza. Glasgow, pamoja na mizinga yake midogo, ilijibu. Ikazama papo hapo bandarini, na mashua za Waingereza zikawaokoa mabaharia wake. Vita vyote havikutimiza dakika 50, na upande wa Sayyid watu kama 500 walikufa au kujeruhiwa. Milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka, hata ikaja kuvunjwa mwaka 1912.

Tumepata nini?

Tangu New York hata milingoti ile ni miaka 56. Mtoto aliyeiona Sultana ikitweka angeweza, katika uzee wake, kuiona Glasgow ikizama. Je, watu wa merikebu walipungua ushujaa katika miaka ile? Sivyo. Wale wa Glasgow walipiga mizinga yao midogo mbele ya mizinga mikubwa. Kilichopungua ni kile kisichoonekana siku ya gwaride. Merikebu zilijengwa Bombay, zilitengenezwa Brooklyn, zilinywa maji ya St Helena, na njia ilipimwa na Mwingereza. Mradi wenye vitu hivyo walikuwa marafiki, Sayyid alifika popote. Walipogeuka, hakufika hata nje ya bandari yake.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1986, merikebu ya matanga ya jeshi la majini la Oman iitwayo Shabab Oman ilifika New York. Ilikuwa merikebu ya kufundishia vijana, na yenyewe ilijengwa Uskochi mwaka 1971 kwa wenyewe wengine na jina jingine, kisha Oman ikainunua. Chombo kizee kikipata kazi mpya na vijana wa kukijifunza, hakijafa.

Ndugu zangu wavuvi, nanyi mkienda pwani kesho, mtazameni yule anayepiga kalafati chini ya ngalawa au jahazi, amejipaka sifa na ana nyundo mkononi. Nahodha hutajwa katika nyimbo. Yeye hatajwi. Lakini chombo kikirudi salama, kimerudi kwa mkono wake. Kwaherini, mpaka juma lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Sayyid Said alizipakia manowari zake mali za biashara?
2. Onyesheni katika ramani njia ya Sultana kutoka Unguja mpaka New York. Kwa nini iliondoka wakati wa kaskazi?
3. Kwa nini Rais wa Marekani hakuweza kuzipokea zawadi mwenyewe? Mwaonaje, sheria ile ni nzuri?
4. Elezeni kazi mpya za Liverpool na London baada ya kuzeeka. Ziliachana wapi?
5. Mkataba wa mwaka 1873 ulikuwa hasara kwa nani, na faida kwa nani?

Zoezi la kuandika: Andika mistari kumi kuhusu chombo kimoja unachokijua, cha baharini, ziwani au barabarani. Nani alikijenga? Nani hukitengeneza kikiharibika? Vipuri vyake hutoka wapi?